Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: maabara hupimaje kemikali za uyoga wa maruweruwe?

Mvua za kwanza zikishashika Tabora, barabara ya kwenda Urambo hujaa mabeseni ya uyoga. Wa njano, wa kahawia, mweupe wa vichuguu wenye kofia pana kama sahani. Msimu huohuo simu yangu hupokea picha mfululizo. "Shikamoo mwalimu, huu unaliwa?" "Mwalimu, huu nimeubana ukageuka bluu, ndio ule wa mtandaoni?" Nimezaliwa huku, nafundisha kemia, na kwa miaka michache nilifanya kazi Ulaya katika maabara yenye kibali iliyokuwa ikipima uyoga wa aina hiyo. Wanaoniuliza ni wanafunzi, wazazi, wauguzi, na vijana waliosikia habari nusunusu. Nimeyakusanya maswali yao hapa ili nijibu kwa utulivu, si kwa ujumbe wa haraka saa nne usiku.

Uyoga wa maruweruwe ni upi hasa, na ndani yake kuna nini?

Ni uyoga ambao mtu akiula huona na kuhisi mambo ambayo aliyeketi naye hayaoni: ukuta unapumua, rangi zinatembea, saa moja inakuwa ndefu kama siku nzima. Zipo aina zaidi ya 100, nyingi zikiwa za jenasi ya Psilocybe, na nyingine chache za jenasi kama Panaeolus.

Kazi hiyo hufanywa na molekuli mbili za ukoo mmoja, silosibini na silosini. Tofauti yao ni kipande kimoja cha fosfati: silosibini inacho, silosini haina. Silosibini ikiingia mwilini, vimeng'enya hukikata kile kipande, na silosini inayobaki ndiyo inayofika kwenye ubongo na kukaa kwenye vipokezi vya serotonini. Wapo pia ndugu zao wadogo, mmoja wao baeosistini, na maabara makini huwapima nao.

Ule uyoga mwekundu wenye madoadoa meupe unaochorwa kwenye vitabu vya watoto, Amanita muscaria, si wa ukoo huu kabisa. Huo una asidi ya iboteniki na musimoli. Ukiupeleka maabara ukaomba wapime silosibini, utaletewa karatasi iliyoandikwa "haikuonekana", na karatasi hiyo itakuwa ya kweli. Lakini uyoga bado una sumu. Nakuomba ulishike hili tangu mwanzo, maana nitalirudia: mashine hujibu swali ililoulizwa, haijibu lile ulilosahau kuuliza.

Unaota huku kwetu Tabora na Kigoma?

Psilocybe cubensis na Panaeolus cyanescens huota kwenye samadi ya wanyama wala majani katika nchi nyingi za joto. Kusini mwa Afrika kuna spishi zake pia, na mojawapo, Psilocybe maluti, ilielezwa kisayansi mwaka 2024 kutokana na uyoga wa Lesotho na Afrika Kusini.

Uyoga unaouzwa barabarani kwetu ni mambo mengine. Mwingi ule wa chini ya miyombo na mitundu huishi kwa kushikana na mizizi ya miti. Mti unaupa sukari, wenyewe unaupa mti maji na madini. Ule wa vichuguuni hulimwa na mchwa wenyewe, chini kwa chini. Hizo ni jamii tofauti na hizi tunazozungumzia.

Namna ya kuutambua uyoga wa maruweruwe porini sitaieleza hapa. Uyoga mdogo wa kahawia una maelfu ya mapacha, na baadhi ya mapacha hao hubeba sumu inayoua ini.

Nani alizigundua kemikali hizi?

Wenyeji wa Mexico waliujua uyoga huu na kuutumia katika ibada zao karne nyingi kabla ya maabara yoyote. Mwaka 1955 Mmarekani R. Gordon Wasson alihudhuria mkesha wa uponyaji kwa María Sabina, mganga wa Kimazateki huko Oaxaca, na mwaka 1957 akaandika habari hiyo katika jarida kubwa la Marekani. Mtaalamu wa uyoga wa Ufaransa, Roger Heim, akaotesha Psilocybe mexicana na kuupeleka Uswisi, kwenye kampuni ya dawa ya Sandoz mjini Basel.

Huko alikuwepo mkemia Albert Hofmann. Tatizo lake lilikuwa la upimaji hasa: alikuwa na unga wa uyoga, lakini hakuwa na njia ya kujua kemikali iliyotafutwa imeingia kwenye chupa ipi kila alipogawanya mchanganyiko. Wanyama wa maabara hawakumpa jibu lililoeleweka. Basi akala mwenyewe uyoga 32 mikavu, kisha yeye na wenzake wakawa wanaonja kila sehemu iliyotenganishwa ili kujua ipi ina nguvu na ipi haina. Kipimo kilikuwa mwili wa binadamu! Mwaka 1958 walitangaza kuzipata silosibini na silosini zikiwa safi, na muda mfupi baadaye wakaeleza jinsi ya kuziunda bila uyoga. Leo hakuna kamati ya maadili ingeiruhusu njia hiyo, na ndiyo sababu ninazithamini sana mashine nitakazozieleza hapa chini.

María Sabina alilipa gharama ya habari ile. Wageni walimiminika kijijini kwake, wanakijiji wenzake wakamlaumu, na nyumba yake ikachomwa moto. Ninapofundisha historia ya molekuli hizi sipendi kuishia kwa mkemia peke yake.

Sampuli huandaliwaje kabla ya kufika kwenye mashine?

Kazi kubwa iko hapa, na makosa mengi hutokea hapahapa. Mtu akiona mashine ya mamilioni hudhani ndiyo inayotoa jibu. Jibu hupatikana au kupotea mezani, kabla mashine haijawashwa.

Kwanza, uyoga mbichi ni maji karibu asilimia 90. Gramu 10 za uyoga uliochumwa asubuhi huweza kubaki gramu 1 tu ukikauka. Kwa hiyo "gramu moja ya uyoga" ni maneno matupu mpaka useme ni mbichi au mkavu, na kama ni mkavu, umebakiwa na unyevu kiasi gani.

Pili, uyoga haupendi kushikwa. Nakumbuka siku zangu za kwanza pale maabara: nilishika shina kwa kibano, na kabla sijalilaza kwenye trei, pale kibano kilipobana palikuwa pameanza kupiga bluu, kama wino uliodondokea karatasi iliyolowa. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Hiyo bluu unayoiona ni silosini ambayo hatutaipima tena."

Ukishakauka, uyoga wote husagwa, kofia pamoja na shina, hadi uwe unga laini unaofanana. Kofia kwa kawaida huwa na kemikali nyingi kuliko shina, hivyo ukichukua kipande cha kofia peke yake umeudanganya mzani. Wakulima wa tumbaku hawahitaji kufafanuliwa hili. Jani la juu la mche halina nikotini sawa na jani la chini, ndiyo maana tumbaku ikitoka kwenye bani hupangwa kwa madaraja, hairundikwi tu.

Kisha unapima unga, mara nyingi miligramu 100 hivi. Ni kitu kidogo kinachokaa kwenye ncha ya kisu. Mizani yake imezungushiwa vioo, kwa sababu pumzi yako tu inatosha kuyumbisha tarakimu ya mwisho. Unafunga kimlango, unasubiri namba itulie, ndipo unaandika. Unga huo huloweshwa katika kiyeyushi, kwa kawaida methanoli yenye asidi kidogo, unatikiswa, unazungushwa kwa sentrifuji ili makapi yazame, na maji ya juu yanachujwa kwa kichujio chenye matundu madogo kuliko nusu ya maikroni. Kinachobaki huingia kwenye kichupa cha rangi ya kahawia, maana mwanga nao ni mwizi.

Mashine yenyewe inajuaje kwamba hii ni silosibini na siyo kitu kingine?

Mashine inayotumika zaidi ni ya kromatografia ya kimiminika, ile ambayo watu wa maabara huiita HPLC. Moyo wake ni bomba la chuma lenye urefu wa kiganja hivi, limeshindiliwa chembe ndogo mno za silika zilizovikwa utando wenye tabia ya mafuta. Pampu inasukuma kimiminika kupita humo kwa nguvu kubwa, na sampuli yako inaingizwa katikati ya mkondo huo.

Wanafunzi wangu huwa nawaelezea kwa mtaa wa Ujiji saa za jioni. Watu wawili wanatoka msikitini pamoja. Mmoja ni mgeni, hana ndugu mtaani, anapita moja kwa moja. Mwingine ni mwenyeji. Kila baraza anaitwa, anasimama, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, anaendelea, anaitwa tena. Walianza pamoja, lakini mwisho wa mtaa watafika kwa dakika tofauti. Silosibini, kwa sababu ya kile kipande cha fosfati, hupenda maji kuliko mafuta, basi ndiye mgeni: hutoka mapema. Silosini hushikwashikwa na ule utando, hutoka baadaye.

Mwisho wa bomba kuna taa ya urujuanimno. Kila kinachopita mbele yake hufyonza mwanga, na kompyuta huchora mlima mdogo tunaouita kilele. Molekuli hizi hufyonza vizuri karibu na nanomita 267, na umbo la ufyonzaji wake linatambulika.

Lakini kutoka dakika fulani si ushahidi wa kutosha. Watu wawili wasiojuana wanaweza kufika mwisho wa mtaa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo maabara inayotaka uhakika huunganisha spektrometa ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli moja moja. Silosibini iliyopewa chaji huonekana kwenye namba 285, silosini kwenye 205. Kisha mashine huzivunja na kuangalia vipande vyake. Dakika ya kutoka ikikubali, uzito ukakubali, na vipande vikakubali, hapo ndipo ninapoandika jina lake kwenye fomu.

Kilele kimeonekana. Namba ya asilimia inatoka wapi?

Kilele kwa chenyewe hakisemi kiasi. Lazima ukilinganishe na kemikali rejea, yaani silosibini safi iliyonunuliwa kwa kibali, ambayo kiasi chake kinajulikana. Unatengeneza vichupa vitano au sita vyenye viwango vinavyopanda, unavipitisha kwenye mashine, unachora mstari. Mstari huo ndio kalibresheni. Sampuli yako inasomwa juu yake.

Tuseme miligramu 100 za unga zimeloweshwa katika mililita 10, na mashine imesoma miligramu 0.05 katika kila mililita. Zidisha kwa 10, unapata miligramu 0.5 katika chupa nzima. Zote zilitoka kwenye miligramu 100 za unga, hivyo ni asilimia 0.5, au miligramu 5 kwa gramu. Sasa, kama unga ulikuwa na unyevu wa asilimia 8, uyoga mkavu halisi humo ulikuwa miligramu 92 tu, na jibu sahihi linakuwa miligramu 5.4 kwa gramu. Unyevu peke yake umebadilisha jibu, na mashine haikujua lolote.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kujumlisha silosibini na silosini kana kwamba ni sukari na sukari. Uzito wa molekuli ya silosibini ni 284, wa silosini ni 204. Miligramu 5 za silosibini zikishakatwa fosfati hutoa takriban miligramu 3.6 za silosini. Ukitaka jumla yenye maana, badili kwanza ndipo ujumlishe.

Kwa nini maabara mbili hutoa majibu tofauti kwa uyoga uleule?

Sababu ninayoikuta zaidi ni joto. Kuna mashine nyingine, ya kromatografia ya gesi, ambayo huigeuza sampuli kuwa mvuke kwa joto kali. Silosibini haivumilii. Fosfati inakatika mlangoni na kinachofika mwisho ni silosini. Mtaalamu asiyelijua hili, au aliyesahau kuikinga molekuli kwa kemikali maalumu kwanza, ataandika "silosini nyingi, silosibini hakuna", naye ameona kwa macho yake! Ripoti za zamani za namna hiyo husomwa kwa tahadhari.

Sababu ya pili ni uhifadhi, na hapa kuna jambo lililonishangaza. Ungedhani friji kali ndiyo salama kuliko zote. Mwaka 2021 watafiti wa Czechia walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba uyoga mbichi uliogandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ulipoteza kemikali kuliko mkavu uliokaa gizani kwenye joto la kawaida la chumba. Barafu hupasua seli; ukiyeyuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na silosini na kuila. Tangu hapo sampuli mbichi iliyogandishwa naiuliza maswali mengi.

Sababu nyingine ni za kawaida: kiyeyushi hakikutoa kila kitu, kemikali rejea imezeeka, unga haukusagika sawasawa. Dawa yake ni utaratibu. Unapima sampuli tupu isiyo na uyoga, unapima kila kitu mara mbili au tatu, unaongeza kiasi unachokijua kwenye unga na kuangalia kama kitarudi chote. Maabara zenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, hulazimika kuonyesha haya yote kwa maandishi.

Uyoga ukigeuka bluu ukiubana, si ndiyo dalili kwamba una nguvu?

Hapana, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Bluu ya uyoga huu ilikuwa kitendawili hadi mwaka 2020, kundi la wanakemia wa Jena, Ujerumani, lilipoeleza linavyotokea. Seli zikijeruhiwa, kimeng'enya kimoja hukata fosfati ya silosibini, kingine kwa msaada wa oksijeni huziunganisha molekuli za silosini mbilimbili, tatutatu na zaidi, na mnyororo huo ndio wenye rangi. Ina maana bluu ni rekodi ya kilichoharibika. Uyoga uliogeuka bluu sana unaweza kuwa ulikuwa na nyingi, au umebakiwa na chache, au yote mawili.

Na zaidi ya hapo, kuna uyoga wa jamii ya Boletus na ndugu zake, wenye vitundu kama sponji chini ya kofia mahali pa mikunjo kama kurasa. Wengi wao ukiwakata hugeuka bluu papo hapo, bluu nzito kuliko ya Psilocybe. Hawana silosini hata chembe. Rangi yao hutokana na asidi nyingine kabisa zinazokutana na hewa. Uyoga wa jamii hiyo huota pia kwenye misitu ya miyombo. Zile picha ninazotumiwa na vijana, kadhaa kati yake ni huo.

Na yale matone ya kubadilisha rangi yanayouzwa mtandaoni?

Tone la Ehrlich hugeuka zambarau likikutana na molekuli yenye pete ya indoli, yaani umbo fulani la atomi zilizoshikana. Silosini inayo. Lakini hata triptofani, kijenzi kimoja cha protini, inayo, nayo imo kwenye maharage na mayai. Tone linakutajia ukoo, halikutajii jina. Polisi wa nchi nyingi huyatumia kama hatua ya kwanza kabla ya kupeleka kielelezo maabara, na hayatoshi kufanya zaidi ya hapo.

Kwa nini uyoga mmoja una nyingi na jirani yake ana chache?

Mwaka 1982 watafiti Bigwood na Beug walichapisha vipimo vya Psilocybe cubensis. Hata walipouotesha katika mazingira waliyoyadhibiti kwa makini, viwango vilitofautiana mara nne. Uyoga uliotoka kwa watu wengine nje ya maabara ulitofautiana mara kumi. Mara kumi! Fikiria ununue vidonge viwili vya rangi moja, pakiti moja, kimoja kikiwa na dawa mara kumi ya mwenzake.

Chakula cha uyoga, umri wake, mavuno ya kwanza au ya nne, nasaba, jinsi ulivyokaushwa, vyote vinahusika. Ndiyo sababu watafiti wa tiba hawatumii uyoga. Wanatumia silosibini iliyoundwa maabara, iliyopimwa kwa miligramu, mgonjwa akiwa na wataalamu pembeni yake. Australia iliruhusu madaktari wa akili waliopewa idhini kuitumia kwa sonona isiyosikia dawa nyingine kuanzia Julai 2023, nayo ni ya namna hiyohiyo.

Basi nikipata karatasi ya maabara yenye namba, si nitakuwa salama?

Ndugu yangu, namba ile ni ya unga ulioingia kwenye kichupa. Unga umekwisha, uko kwenye chupa ya taka za methanoli. Uyoga uliobaki kwenye beseni haujapimwa.

Na hata huo uliopimwa, uliulizwa kuhusu molekuli mbili au tatu. Haukuulizwa kuhusu amanitini, sumu inayoua ini. Haukuulizwa kuhusu dawa za kuulia wadudu zilizopuliziwa kwenye malisho. Kabla ya namba lazima lije jina la spishi, na jina hulithibitisha mtaalamu wa uyoga kwa darubini, au maabara inayosoma vinasaba. Nimewahi kuletewa mfuko mmoja ambamo ndani yake, tulipoumwaga mezani, mlikuwa na spishi tatu. Aliyeuleta aliapa ni uyoga wa aina moja, aliuchuma mahali pamoja, kwa mkono mmoja. Hakuwa mwongo. Macho yake tu hayakuziona tofauti, na mimi mwenyewe ya tatu niliihitaji darubini.

Kipimo cha mkojo kinaonyesha?

Vile vijiti vya kawaida vya kupima dawa za kulevya havioni silosini. Inahitaji spektrometa ya tungamo, na kwanza kutenganisha silosini na asidi ya glukuroniki ambayo mwili umeifungia. Kwa kawaida hubaki mkojoni kwa takriban siku moja.

Sheria inasemaje hapa Tanzania?

Silosibini na silosini zimo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Hapa nyumbani mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na vielelezo huchunguzwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali vikiletwa na vyombo vinavyohusika. Mwalimu wa kemia hana ruhusa ya kukupimia uyoga wa kulevya kwa sababu tu mnafahamiana. Tafadhali msiniletee.

Mtoto amekula uyoga wa porini, sasa hivi. Nifanye nini?

Mpeleke hospitali. Usisubiri dalili, usimpe maziwa wala mafuta wala mkaa wa kusaga ukidhani unamsaidia, usimtapishe kwa kidole.

Beba uyoga uliobaki, hata uliopikwa, hata matapishi. Mbichi uweke kwenye mfuko wa karatasi au uufunge kwenye gazeti. Usiufunge kwenye plastiki. Niliwahi kupokea sampuli iliyosafiri kwa basi kutoka Kibondo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Kilichofika kilikuwa uji mweusi unaonuka, hatukuweza kutambua chochote. Uchimbue hadi chini ya shina, kwa sababu kile kikombe kilichojificha udongoni ni mojawapo ya alama za uyoga wa kuua.

Andika saa. Alikula saa ngapi, alianza kutapika saa ngapi. Uyoga unaoleta maruweruwe huonyesha dalili ndani ya saa moja hivi, na mbaya wa tumbo nao huwa wa haraka. Ukiona mtu alikula chakula cha jioni akalala vizuri, halafu anaanza kuharisha na kutapika baada ya saa sita au zaidi, hiyo ndiyo hali ninayoiogopa kuliko zote, maana amanitini hukawia. Baada ya kuharisha kuna wakati mgonjwa huonekana amepona, akaomba hata chai, huku ini linaendelea kuharibika. Asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Na wote waliokula chungu kile waende pamoja naye, hata wasiosikia kitu.

Kupika hakuondoi amanitini. Kukausha hakuondoi. Kitunguu kinachobadilika rangi hakipimi kitu, kijiko cha fedha hakipimi kitu, na konokono anayeula uyoga ule ana mwili tofauti na wa mwanao. Mama anayeuza uyoga barabarani anaujua kwa sababu bibi yake alimwonyesha mmoja mmoja, mahali unapoota na mti wake. Maarifa hayo nayaheshimu kuliko kipimo chochote cha jikoni, lakini hayahami kwa picha ya simu.

Mashine hizi zina faida gani kwa mtu wa Tabora asiyehusika na uyoga huu?

Kubwa sana. HPLC ileile ndiyo inayopima aflatoksini kwenye mahindi na karanga. Ndiyo inayopima nikotini kwenye tumbaku. Asali yetu ya Sikonge ikitafuta soko la nje, kuna kitu kinaitwa HMF kinachoongezeka asali ikipashwa moto au kukaa juani muda mrefu. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto. Kinapimwa kwa bomba lilelile, kwa taa ileile, kwa mstari uleule wa kalibresheni. Mwanafunzi akijifunza kupima kimoja vizuri, amejifunza vyote.

Mwanangu wa kidato cha nne anataka kusomea kazi hii. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye mizani. Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu zoezi moja: chumvi ya Uvinza, beseni la maji ya bomba, na mizani ya shule. Wapime gramu 5 mara kumi, waandike kila namba bila kufuta. Siku ya kwanza wengi huandika 5.0 mara kumi, kwa sababu wanadhani ndilo jibu ninalolitaka. Mwaka jana binti mmoja kutoka Kasulu aliniletea daftari lenye 4.9, 5.1, 5.0, 4.8, na pembeni ameandika kwa penseli: "hapa dirisha lilikuwa wazi."